Picha za ajabu ndani ya bedsita: chapati iwe sayari, ugali iwe mlima

Bedsita yangu hapa Umoja, Nairobi, ina dirisha moja, na hilo dirisha linaangalia ukuta wa ploti ya pili, ukinyoosha mkono karibu uguse kamba ya nguo ya jirani. Lakini ndani ya hiyo nyumba nimepiga picha ya sayari, ya Mlima Kenya ukiwa na theluji, na ya mpwa wangu wa miaka saba akipaa juu ya magorofa. Kamera sina, niko na simu tu, na si zile za bei kali.

Kitu nilichochelewa kuelewa ni kwamba simu inaona kile kisanduku unachoionyesha, basi. Vyombo havijaoshwa, kitanda hakijatandikwa, mtungi wa gesi uko hapo kando, lakini kama haviingii kwa kile kisanduku, mwenye kutazama picha hatajua kama vipo. Kwa hivyo huhitaji studio, unahitaji nafasi ya ukubwa wa sinia na uamuzi wa nini kiingie na nini kibaki nje. Huo uamuzi ndio kazi yenyewe, mengine yote ni kusukuma vitu huku na huku.

Hatua ya 1: andika sentensi moja kabla hujashika simu

Wengi tunaanza kinyume, tunakusanya vitu vizuri vizuri halafu tunaanza kujiuliza tufanye nini navyo. Mara yangu ya kwanza niliweka mshumaa, maua ya plastiki, kikombe na saa ya mkono ndani ya picha moja, ikatoka kama meza ya mtu wa mtumba jioni akianza kufunga. Sasa mimi naandika sentensi, mfano "matatu imekwama kwenye theluji na makanga ameshuka kusukuma." Hiyo tu. Ukishakuwa na hiyo sentensi unajua unatafuta theluji, gari la kuchezea, kitu cha kuwa makanga, na rangi ya baridi, na ile saa ya mkono inarudi kabatini bila mjadala.

Hatua ya 2: tafuta mwanga mmoja, zima mwingine wote

Hapa ndipo nitakaa kidogo juu hapa ndipo picha nyingi zinafia.

Zima balbu. Ni ngumu kuamini ukiwa na chumba chenye giza lakini zima. Balbu ina rangi yake na dirisha lina rangi yake, zikichanganyika upande mmoja unakuwa wa njano na mwingine wa buluu na hakuna programu itakutoa hapo vizuri. Halafu kuna ile shida ya mistari, unaona picha iko na mistari myeusi imepita kama kivuli cha ngazi. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani inakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hivyo balbu ikiwa ya bei rahisi inamemeteka mara 100 kwa sekunde, jicho haliwezi kushika lakini simu inashika. Kama ni lazima utumie balbu na simu yako iko na ile sehemu ya kujipangia mwenyewe, weka shata, ule muda simu inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inapungua sana au inaisha kabisa.

Sasa dirisha. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kwenye kama saa kumi na mbili na nusu hivi. Mwanga mtamu ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi ukielekea jioni, juu unaingia ukiwa umelala na unachora vitu upande mmoja. Saa sita mchana jua liko juu ya paa, ndani unabaki na mwanga mfu usio na upande. Lakini ile miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, tunapolalamika hakuna jua na nguo hazikauki, hiyo ndio nafasi yako, mawingu yanafanya anga yote kuwa taa moja kubwa laini na unaweza kupiga picha hata saa saba mchana.

Jua likiingia moja kwa moja na kuchoma, ning'iniza kitu cheupe chepesi dirishani, pazia jembamba, neti ya mbu iliyokunjwa mara mbili, shuka jeupe lililochakaa. Upande wa pili, ule wa kivuli, simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga. Ukitaka urudi kwa nguvu zaidi, funga hiyo kadibodi na foili ya jikoni, ila ikunje-kunje kwanza kisha uinyooshe, la sivyo itakupigia alama kali kama kioo.

Na ukitumia tochi ya simu ya pili, jua kwamba umbali unakula mwanga haraka kuliko unavyodhani. Tochi ikiwa nusu mita na uirudishe mita moja, mwanga unaofika ni robo, si nusu. Kwa hivyo kabla hujasema tochi ni mbovu isogeze tu karibu.

Hatua ya 3: futa lenzi

Simu imekaa mfukoni na sarafu na mafuta ya mikono. Futa na kitambaa laini cha pamba. Nusu ya zile picha zenye ukungu tunazolaumu simu ni mafuta ya chapati.

Hatua ya 4: sayari ya chapati

Tukiongea chapati. Anza na hii kama hujawahi, inachukua nusu saa.

Tandika kitambaa cheusi mezani. Kiwe kinachokula mwanga, fulana nyeusi ya pamba au bora zaidi jaketi ya filisi, si kitu cha kung'aa. Weka chapati katikati. Chagua ile yenye madoa ya kuungua, hiyo ambayo mgeni hapewi, juu hayo madoa ndiyo mabara na mashimo ya vimondo. Kisha nyota: chukua kichungi cha chai, weka unga wa ngano kidogo sana, gonga kwa kidole ukiwa juu kabisa ili unga ushuke umetawanyika. Ongeza punje chache za chumvi kwa nyota kubwa. Usipange kwa vidole, mkono wa mtu unapanga nyota kama mbegu shambani na jicho linajua mara moja ni uongo. Sehemu moja zidisha unga kwa mstari wa mshazari, hapo una ule mkanda wa nyota tunaouona ukitoka nje ya mji usiku.

Shida ya chapati ni kwamba ni bapa, na sayari ni tufe. Ukiipiga hivyo itabaki chapati kwenye jaketi. Kinachoigeuza ni kivuli. Funika tochi na kipande cha tishu ili mwanga ulainike, ilete kutoka kando, halafu katikati ya tochi na chapati shika kadibodi uliyoikata kwa umbo la mviringo, ile kingo ya kivuli ianguke kama mwezi mchanga juu ya chapati. Kadibodi ikikaribia tochi kingo inakuwa laini, ikikaribia chapati inakuwa kali kama imekatwa na kisu. Unataka laini. Hapa utahitaji mtu wa kushika, na mimi msaidizi wangu huwa ni yule mpwa, ambaye kila dakika mbili ananiuliza, "Anko, tunaeza kula sasa?"

Piga kutoka juu kabisa. Bonyeza chapati kwenye skrini na ushikilie hadi fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga mpaka kile kitambaa kipotee kiwe giza tupu. Hii hatua ya kupunguza watu wanairuka, simu ikiona weusi mwingi inadhani imekosea inajaribu kuangaza, ndio unaona nyuzi za jaketi.

Na usidhani huu ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 2022, mwisho wa Julai, mwanafizikia Mfaransa Étienne Klein aliweka Twitter duara jekundu linalowaka akasema ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa na darubini ya James Webb, watu wakashangilia, kumbe ni kipande cha soseji ya chorizo. Ilibidi aombe radhi. Chapati yetu haina tofauti na hiyo chorizo, isipokuwa ukiiweka mtandaoni sema ni chapati.

Hatua ya 5: mlima wa ugali

Pika ugali ya wimbi, ngumu kabisa, ile inayosimama. Ile nyeupe inafaa pia lakini wimbi iko na rangi ya mwamba tayari. Iache ipoe, ikiwa moto mvuke utaganda kwa lenzi. Halafu usikate na kisu, mega kwa mikono, kile kiraka kilichomegeka ndicho kinafanana na jabali. Kama unataka iwe Mlima Kenya yenyewe na si mlima tu, tengeneza vilele viwili vinavyokaribiana vyenye ufa katikati, Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188, yaani karibu vilingane, halafu Lenana mdogo uweke kando kidogo. Theluji ni unga mweupe kupitia kichungi cha chai, na uweke upande wa juu na kwenye mikunjo tu, usifunike mlima wote kama mandazi ya sukari.

Mbele weka dhania, matawi mafupi umeyachomeka kwenye ugali iliyobaki, hivyo ni vichaka. Hapo ndipo ile matatu ya kuchezea na makanga wa sentensi ya Hatua ya 1 wanasimama. Mjapani mmoja anaitwa Tatsuya Tanaka amekuwa akitoa picha ya namna hii kila siku tangu 2011, brokoli kwake ni mti na mkate ni jengo, lakini brokoli kwa mama mboga wangu ni kitu cha kuagiza, dhania ipo kila siku. Mawingu ni pamba ya chemisti, ivute hadi uone mkono wako kupitia, ikiwa nzito itaonekana pamba. Anga ya nyuma ni karatasi ya buluu, au fungua picha ya anga kwenye laptopu na uisimamishe nyuma, mbali kidogo ili itoke na ukungu, ikiwa karibu utaona vile vidoti vya skrini.

Sasa sikiza hii juu ndiyo siri ya vitu vidogo vyote: geuza simu juu chini. Lenzi ikiwa juu ya simu, unamwangalia makanga kama mtu aliye ghorofani, na gari linabaki la kuchezea. Ukigeuza simu, lenzi inakaa karibu kabisa na meza, kimo cha macho ya makanga, na ghafla mlima unakuinukia. Egemeza simu kwa pakiti ya unga ya kilo mbili, weka taima ya sekunde tatu, toa mkono. Usisogee karibu mpaka simu ishindwe kushika fokasi, kaa nyuma kidogo, ukate picha baadaye. Na zuumu ya kuvuta kwa vidole achana nayo, kwa simu nyingi inakuza vidoti tu.

Kwa makanga mimi nilikata mtu kwenye gazeti nikambandika kijiti cha meno mgongoni kwa selotepu nikamchomeka. Kama unaona ni ujanja wa kitoto, kule Cottingley, Uingereza, mwaka 1917 wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walikata vichimbakazi vya karatasi wakavisimamisha na pini za kofia wakapiga nao picha bustanini, na Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, akaamini ni vya kweli akaandika habari zake 1920. Walikuja kukiri 1983, wakiwa wazee. Karatasi ikisimama wima na ikipata mwanga uleule wa vitu vingine, inatosha.

Hatua ya 6: doti moja ya leso, mtu apotee

Hii ndiyo napenda zaidi na ndiyo ya kwetu kabisa. Leso inauzwa doti, vipande viwili vya rangi na nakshi moja. Kimoja tundika ukutani, kingine mfunge mtu, awe amesimama hapo mbele, na mwili unayeyuka ndani ya ukuta, unabaki uso na mikono. Thandiwe Muriu, mpiga picha wa hapahapa Nairobi, amejijengea jina duniani kwa picha za wanawake waliovaa vitambaa vinavyofanana na ukuta wa nyuma, na miwani wanayovaa imetengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Usimwige picha kwa picha, lakini jifunze kutoka kwake.

Leso piga pasi, zote mbili. Mikunjo ndiyo inafichua. Tundika na pegi juu ya kamba iliyovutwa, na chini weka uzito, hata viazi viwili ndani ya soksi. Mwenye kupigwa asimame karibu na kitambaa kabisa, mgongo karibu uguse, na wote wawili waangaliane na dirisha, mwanga uwapige usoni sawasawa ili kivuli kisianguke ukutani. Hapa tunataka kinyume cha chapati, hakuna kivuli hata kidogo. Kisha mstari wa nakshi, ule wa pindo, uendelee kutoka ukutani hadi begani, hii itakuchosha, msogeze kushoto, mvute leso juu, mwambie asipumue. Dada yangu tulipofanya naye alisema, "Wewe, ungekuwa unalipa ningevumilia."

Lile jina la leso, maandishi ya chini, ama lionekane lote lisomeke, ama lisionekane kabisa. Nusu ya methali inakera. Miwani unatengeneza na waya wa hanga na pegi za nguo, au vifuniko vya chupa za soda, au vijiko viwili vya plastiki. Doti mpya nenda Biashara Street utachagua uchoke, lakini uliza kwanza nyumbani, kila mama ana doti kabatini ambayo hajawahi kufunga.

Hatua ya 7: mtoto apae

Hakuna kamba, hakuna kuruka. Tandika shuka la buluu sakafuni, alale juu yake kwa tumbo au kwa ubavu, mkono mmoja mbele. Leso iwe joho, ipange kwa mawimbi ikirudi nyuma kana kwamba upepo unaivuta, na nywele au kamba za viatu vielekee hukohuko, upepo ukiwa na njia mbili picha imeharibika. Chini ya miguu panga maboksi ya dawa ya meno, majani chai na viberiti, hayo ni magorofa ya katikati ya jiji. Piga kutoka juu.

Simama kwenye kiti cha mbao, si cha plastiki, na kitandani usisimame. Na funga simu mkononi kwa kamba ya kiatu. Mimi sikufunga, ikaniponyoka ikaanguka sentimita chache kutoka kwenye pua ya mpwa wangu, yeye akacheka, mimi nikakaa chini dakika nzima. Ukimaliza, kabla hujaiweka mahali popote muulize mamake.

Hatua ya 8: mvua, moshi na stima ikipotea

Haya nayapitia haraka. Mvua: kioo cha fremu ya picha, simamisha kati ya simu na kitu chako, nyunyizia maji yaliyochanganywa na glisarini nusu kwa nusu, matone yanakaa bila kuteremka muda mrefu. Glisarini iko chemisti yoyote.

Moshi: udi. Uweke nyuma ya kitu, mwanga utoke nyuma pia, na ukuta uwe mweusi, moshi ukipigwa na mwanga wa mbele hauonekani. Fungua dirisha, sogeza pazia mbali. Jiko la makaa usiingize ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu ya picha, hewa yake inaua bila harufu. Na ile ya kuzungusha waya wa kusugulia sufuria ukiwaka cheche, ndani ya nyumba hapana, hata usijaribu.

Stima ikipotea usilalamike, weka simu kwenye hali ya usiku, iegemeze, na kwa zile sekunde chache inazokusanya mwanga chora hewani na tochi ndogo iliyofungwa karatasi ya peremende nyekundu. Ukivaa nyeusi na usitulie mahali pamoja, mstari unabaki, wewe huonekani.

Hatua ya 9: safisha picha, safisha meza

Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha, ni ya bure na inatosha. Nyoosha, kata, ondoa vijiti na selotepu kwa ile zana ya kuponya, na ubadilishe joto la rangi, kuelekea buluu kwa mlima, kuelekea njano kwa jioni. Ukishafika hapo acha. Mimi huhifadhi, nalala, asubuhi naangalia tena, na mara nyingi napunguza nusu ya nilichoongeza usiku.

Meza ifutwe usiku huohuo, juu unga na mende wanajuana. Ugali ya wimbi unaweza kula na mboga kama hukuweka kitu kingine juu yake. Ile chapati ya sayari imelala kwenye jaketi na imejaa chumvi, lakini mpwa wangu aliikung'uta akala hivyohivyo, kwa hivyo pika mbili.